Alichosema Baraka Kabla ya Kuingia Majini

Neema mwanangu,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya mashauriano marefu jikoni, familia inapenda kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki wote walioko Fisksätra, Tumba na kwingineko hapa Swideni kwamba imepoteza zamu yake ya kufua nguo kwenye mashine za jengo. Zamu hiyo iliandikishwa mapema kwa jina la mwenye nyumba, yaani mimi. Imefariki leo jioni kwa kuchelewa. Mwenye nyumba alikuwa kwenye simu, na alipoteremka chini na kapu lake kichwani alimkuta yule mama wa ghorofa ya pili ameshajaza mashine zote, naye alimwonyesha tu kwa kidole karatasi ya sheria iliyobandikwa ukutani. Marehemu ameacha mashuka, taulo na sketi zako zote za chuo. Mama yako amezifua kwa mkono bafuni, na sasa zimetandazwa juu ya milango, juu ya viti na juu ya vile vyuma vya joto chini ya madirisha, hata ninavyoandika hapa kuna mguu wa suruali unanidondokea begani. Matanga hayatakuwepo. Mama Baraka hasemi nami.

Hayo ndiyo matangazo. Mambo ya chanjo, ya chandarua, ya nani atakupokea Nairobi na usile nini njiani ni idara ya mama yako, na amekwisha kukueleza mara nyingi kiasi kwamba hata mimi nayajua kwa moyo. Mimi nimeketi kukuandikia mengine. Najua utasoma polepole, kidole kwenye mstari, midomo ikicheza, kisha utanipigia simu unijibu kwa Kiswidi. Si neno. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo hili lilitokea kwa Kiswahili, na nikilihamishia kwenye Kiswidi naogopa litaonekana la mtu mwingine.

Ni jambo la kaka yako Baraka. Nimelificha miaka mingi, na wewe kesho unapanda ndege ukiwa umelibeba jinsi nilivyokupa, siyo jinsi lilivyokuwa. Nitalisema kabla karatasi haijaisha, usiwe na wasiwasi. Lakini unanijua mimi ni mtu wa kuzunguka. Mama yako husema nikitumwa chumvi hapo chini nitapitia Uppsala.

Nianzie Jumapili ile ya kukuaga. Ulipendeza. Kwaya ya akina mama iliimba mpaka yule Mswidi anayetunza funguo za kanisa akachungulia mlangoni kutazama saa. Mzee Ezekieli alikuombea kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kirundi pale Kiswahili kilipomwishia. Kisha ukapewa kipaza sauti, nami nikashika kiti, maana nilijua utasema kwa Kiswahili na nilijua hukuzoea. Ukasema vizuri. Ulisema unakwenda kujifunza jinsi ya kulea watu katika imani, tangu mtoto mchanga hadi mzee wa mwisho, kwa sababu ulimwona kaka yako akipotea na hakuna aliyejua la kufanya. "Aliamini akiwa mdogo kuliko wote," ulisema. "Akabatizwa. Halafu Swideni ikamchukua. Sitaki ichukue mwingine."

Kanisa zima likaitika amina. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti cha mwalimu, na amina yangu ilisikika kuliko zote.

Watu wengi bado hawajaelewa unakwenda kusomea nini. Mzee Ezekieli anawaambia watu utarudi askofu. Mama mmoja wa kwaya alinivuta pembeni kwenye kahawa, akaniuliza kama ni uuguzi, maana alisikia habari za watoto wachanga na wazee. Nilimwambia ni karibu na hapo. Mwingine, Mkongo mwenzetu kutoka Uvira, aliuliza kama chuo hicho kinafundisha pia wazazi, na aliponiuliza alikuwa ananitazama usoni, nami nikamwongezea kahawa.

Sasa nikuambie mimi nilivyoupata ualimu, usije ukadhani ni damu ya familia. Kule kambini Kigoma walinichagua kufundisha Shule ya Jumapili kwa sifa moja tu: nilikuwa na sauti. Watoto walikuwa wengi chini ya turubai, mvua ikinyesha hakuna anayesikika, isipokuwa mimi. Basi. Hakuna aliyeniuliza najua nini. Nilikuwa nasema mstari wa moyo, nao wanaurudia, nasema tena, wanarudia, mpaka mvua inakatika. Na kule ilifaa, mwanangu, sitaki kuidharau. Wale watoto maneno yalikuwa yao. Walikwenda nayo kisimani, waliyageuza nyimbo za kuruka kamba, waliyatumia kutukanana. Neno mtoto akilitumia kwenye ugomvi ujue ameshalielewa.

Tulipofika huku nikachukua lile turubai langu nikalitandika kanisani Tumba. Sauti ile ile, mistari ile ile. Nilichoongeza ni pipi. Ninyi Jumamosi mlikuwa na pipi zenu kama watoto wote wa nchi hii, mimi nikaleta za Jumapili, mstari mmoja pipi moja, na zaburi nzima mfuko. Wewe ulikariri zaburi ndefu kuliko watoto wote wa Stockholm, na daktari wa meno wa Nacka ni shahidi. Siku ya watoto mlisimama mmevaa nguo nyeupe, mkashusha zaburi kama maji ya bomba, wazazi wakalia. Walilia kweli. Watu waliopoteza nyumba na makaburi ya baba zao waliwaona watoto wao, waliozaliwa kwenye theluji, wakitamka maneno ya bibi zao bila kukosea. Ungekuwa wewe pia ungelia.

Kisha yule mama wa Kiswidi aliyetuazima ukumbi, mtu mwema, akawainamia akawauliza kwa lugha yenu ya shule, hayo maneno mazuri yalikuwa yanahusu nini. Mkatazamana. Mmoja wenu akasema ni ya Jumapili. Tulicheka sote, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeshikwa.

Nilicheka, halafu Jumapili iliyofuata nikanunua pipi zaidi.

Unajua kazini kwangu, huko jikoni shuleni, wiki yangu ya kwanza nilikaripiwa. Kwa upole, kama Waswidi wanavyokaripia, kiasi kwamba nilielewa siku ya tatu. Mpishi mkuu aliniona nawapakulia watoto: nilijaza sahani mpaka ukingoni, viazi, nyama, mchuzi juu, kula mwanangu ukue. Kwetu mtoto haulizwi, anapakuliwa, na sahani iliyojaa ni upendo. Akaniambia hapa mtoto anajipakulia mwenyewe, na akishindwa unamuuliza anataka kiasi gani, na akisema kidogo unampa kidogo. Nikamwona ni mchoyo. Kisha akanionyesha ndoo ya mabaki, ile tunayoipima kila siku baada ya chakula. Nikaona upendo wangu wote umo ndani ya ndoo.

Kanisani sikuwahi kuweka ndoo. Ndilo ninalotaka kukuambia kuhusu ualimu wangu. Nilipakua miaka yote ile, kwa mkono mwema, na sikuwahi kutazama kilichobaki kwenye sahani za watu.

Na viatu. Unakumbuka viatu? Kila majira ya baridi nilikununulia vikubwa, nikajaza karatasi mbele ya vidole, nikakuambia utakua, utavikuta. Ulikwenda shule ukiburuta miguu kama bata. Sisi wote tuliotoka huko tunafanya hivyo: koti la kukua nalo, viatu vya kukua navyo. Na mara nyingi mguu ulivikuta kweli. Mimi nikadhani imani nayo ni hivyo. Mpe mtoto maneno makubwa mapema, jaza karatasi, siku moja moyo utayakuta. Sikujua kwamba kuna mtoto anayejua saizi yake mwenyewe, na anakuambia, na wewe unamfunga kamba za kiatu tu.

Naona nimekaribia. Ngoja nipitie kwa Mzee Ezekieli kwanza.

Mkewe alipofariki msimu uliopita wa baridi nilimtembelea Tumba. Nilikwenda na chupa ya chai na mstari, kama kawaida yangu, mstari nimeuandaa tangu kwenye treni. Ukimtazama Mzee unaona mlima: yeye ndiye aliyeanzisha kanisa letu sebuleni kwake, yeye ndiye mzee wa wazee. Alikuwa amekaa kwenye kitanda, upande wake mmoja tu, wa mkewe haugusi. Akaniambia, "Mwalimu, tangu aondoke, naomba na hakuna anayeitikia. Naongea na dari."

Mstari ulikuwa tayari mdomoni. Lakini wewe ulikuwa umesema mezani siku hizo, ukisoma habari za chuo chako, kwamba wazee kanisani hawafundishwi wala hawaulizwi, wanatembelewa tu. Uliniudhi siku ile, nilikuambia wazee hawana maswali. Basi nikiwa nimekaa pale nikafunga mdomo. Hujui ilivyonigharimu. Nilimimina chai. Nikamimina tena. Mzee akanywa, kisha akasema pako mahali pamoja anaposhika asizame: kuna siku alizoziona kwa macho yake, hawezi kuzikana. Akataja moja.

"Ile siku ya Baraka wako," akasema. "Nilimwuliza mimi mwenyewe. Mtoto mdogo vile, akasema anaamini kwa moyo wake wote. Nikilikumbuka lile neno napata usingizi."

Nikamtilia sukari ambayo daktari amemkataza. Nikarudi zangu Fisksätra, na kwenye treni ile ndogo kutoka Slussen nilisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Utaelewa sasa hivi kwa nini.

Baraka ndiye aliyekuwa kwenye simu leo jioni. Zamu ya kufua ilikufa mikononi mwake na mwangu. Mtu fulani wa kanisa, kwa nia njema ya watu wa kanisa, alimtumia video yako ya Jumapili. Aliitazama yote, na kwaya na maombi. Hakuwa na hasira, Neema. Ningeipenda hasira, hasira nimeizoea, nimelelewa nayo. Aliongea Kiswidi chake kile cha polepole anachotumia kwangu, kama anavyomwongoza mteja kwenye sanduku la umeme kazini kwake. Aliuliza ndege ni saa ngapi. Alisema alifikiri aje na gari la kazi kutoka Hässelby akupeleke uwanja wa ndege Arlanda, lakini ameona asije, maana utajiona una wajibu wa kumwombea pale kwenye mizigo na utachelewa. Nikacheka. Yeye akacheka kidogo. Ana mzaha wangu, masikini, ndicho alichorithi.

Nikamwuliza, "Nimwambie?"

"Mwambie ukitaka wewe, baba," akasema. "Siyo kwa ajili yangu. Mimi nimezoea."

Basi nikakaa na simu mkononi, na kapu miguuni, na mashine huko chini zikazunguka na nguo za watu wengine. Kisha nikaenda nikamwambia mama yako. Nilimwambia mlangoni pa bafu, yeye ameinama juu ya shuka zako, na hakuinuka. Kwa hiyo lile tangazo nililoanzia halikuwa la kweli lote. Mama Baraka hasemi nami, ni kweli, lakini siyo kwa ajili ya nguo.

Mama Baraka. Baba Baraka. Umewahi kufikiri jambo hili? Kanisa zima, duka zima la vyakula vya kwetu, watu wote wananiita kwa jina lake. Yeye hakanyagi pale, na mimi naitwa kwa jina lake kutoka asubuhi ya ibada mpaka wa mwisho anapofunga mlango. Nimeitika hivyo miaka yote.

Sikuombi umrudishe kanisani. Hilo ulilolisema kwenye kipaza sauti, kwamba Swideni ilimchukua, nililitunga mimi. Nililisema mara ya kwanza kwa wazee alipoacha kuja, kisha kwa mama yako, kisha kwako ukiwa na miaka kumi na moja, unalia mlangoni kwa kuwa anahama. Ulihitaji mtu wa kumkasirikia, na nikakupa yeye na nchi nzima. Ukamkasirikia kweli. Nimekuona Krismasi hizi zote, yeye amekaa kwenye ukingo wa kochi na koti lake mwilini, wewe unapitisha sahani bila kumtazama, na mimi ninasimulia vichekesho vya jikoni ili pasiwe na kimya. Kimya kingenisuta.

Huko uendako watakufundisha mengi. Watakuambia mtoto wa umri huu anaelewa hivi, kijana wa umri huu anauliza vile, na mwenye kufiwa umkalie vipi. Yote ni mema, na ningekuwa kijana ningekuja tukae dawati moja, wewe ungeninong'oneza majibu. Nataka tu usiende huko ukiwa na mfano wa uongo moyoni. Siku moja profesa atawauliza kila mmoja kwa nini amekuja, na wewe utasimama umtaje kaka yako. Mtaje. Lakini mtaje alivyokuwa.

Na Mzee Ezekieli je? Nikimwambia, namnyang'anya usingizi. Nisipomwambia, analala juu ya neno ambalo halikusemwa. Nimelifikiria hili kwenye viazi, kwenye treni, kwenye maombi. Ningependa kukuandikia kwamba Jumapili hii nitasimama. Sijui, mama. Naijua sauti yangu, na kwa jambo hili sijaisikia bado.

Sasa hivi ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumapili ya mwanzo wa majira ya joto. Unaikumbuka kwa ajili ya keki. Mafundi wa kanisa la wenyeji wetu walikuwa wamefunua zile mbao za jukwaa, na bwawa la ubatizo chini yake limejaa tangu jana yake, maji yamepashwa moto. Watu walikuja hata kutoka Västerås. Nyuma ya jikoni kuna chumba kidogo cha kuhifadhia viti, na humo wazee watatu wa kanisa walikaa kuwahoji watoto mmoja mmoja kabla ya maji, Mzee Ezekieli katikati. Harufu ya sambusa ilipenya mpaka humo. Mimi nilisimama ukutani kwa sababu mbili: nilikuwa mwalimu wa darasa la ubatizo, na nilikuwa mkalimani. Wale wazee walikuwa wageni hapa nchini, hakuna aliyejua Kiswidi zaidi ya asante na kahawa. Ninyi watoto mlielewa kila neno la Kiswahili, lakini kinywa chenu kilikuwa kimeshahamia shuleni. Kwa hiyo wazee waliuliza kwa Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kiswidi, na mimi nikatafsiri.

Watoto wa kwanza walijibu ja, sauti ya panya, wakitazama sakafu. Mimi nikatafsiri, "Anasema ndiyo, kwa furaha." Wa pili, "Anasema ndiyo, bila shaka yoyote." Nilikuwa natia nakshi. Wazee walitabasamu, mtoto akatoka ameinuka kimo. Nikaona nafanya kazi njema.

Baraka aliingia wa mwisho, kwa kuwa ni mwana wa mwalimu na mwana wa mwalimu hufunga foleni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yako alikuwa amemshonea kanzu nyeupe, ndefu kidogo, ya kukua nayo. Mzee Ezekieli akamwuliza kama anamwamini Yesu kuwa mwokozi wake, na kama ameamua mwenyewe kumfuata.

Hakutazama sakafu. Alimtazama Mzee, kisha akanitazama mimi, kisha akasema kwa Kiswidi, bila haraka, na nilitambua kwamba alikuwa ameyapanga maneno yake siku nyingi. Alisema, "Bado sijui. Napenda kuja hapa na napenda mnavyoimba. Lakini nikisema ndiyo leo nitakuwa nasema kwa ajili ya baba. Naomba mningoje kidogo."

Ndivyo alivyosema. Neno kwa neno. Sijawahi kulisahau hata moja.

Wazee wakanigeukia. Nje sahani zilikuwa zinapangwa. Niliyafikiria maji yaliyopashwa moto, na watu wa Västerås, na mimi mwalimu ambaye watoto wote wamesema ndiyo isipokuwa wake. Nilifikiria kwamba atavikuta, kama viatu.

"Anasemaje, Mwalimu?" Mzee akauliza.

"Anasema anaamini kwa moyo wake wote."

"Mbona amesema mengi?"

"Kiswidi hicho, Mzee," nikasema. "Kinapenda maneno."

Wakacheka, wale wazee, kicheko cha upendo. Baraka alifungua mdomo. Nilimwona. Alielewa Kiswahili kama mimi na wewe, alikuwa amesikia kila kitu. Lakini nilikuwa nimemfundisha tangu hajaota meno kwamba mtoto hamkosoi baba yake mbele ya wakubwa, na katika yote niliyomfundisha hilo ndilo lililoshika. Akafunga mdomo. Mzee Ezekieli akamwekea mkono kichwani.

Aliingia majini. Alipoibuka kanisa lililipuka kwa vigelegele, na yeye akapangusa macho akanitafuta kati ya watu, na aliponiona hakuondoa macho mpaka walipomfunika taulo. Picha ile ya sebuleni ilipigwa dakika hiyo. Ukiitazama vizuri utaona hatazami kamera.

Tulirudi jioni. Kwenye treni kutoka Tumba mama yako alisinzia, wewe ulikuwa mapajani pangu na keki mashavuni. Baraka alikaa mbele yangu, nywele bado mbichi. Tangu aanze shule alikuwa hajaniambia sentensi nzima kwa Kiswahili. Karibu na Älvsjö aliinama, magoti yake yakagusa yangu, akaniuliza kwa Kiswahili safi, polepole, ili nisije nikasingizia kwamba sikuelewa:

"Baba, mimi nilisema hivyo?"

Behewa zima hakuna aliyejua lugha yetu. Ningeweza kumjibu lolote pale, na asingesikia mtu ila yeye.

"Ulisema vizuri sana, mwanangu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia, akageuza uso dirishani. Tangu jioni ile hajazungumza nami Kiswahili tena.

Baba yenu